Kazi ya Karani na Siri ya Jalada

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama, Kitengela)



Nimeombwa na halmashauri nieleze kazi niifanyayo huko Nairobi. Nashukuru kwa heshima hiyo, ingawa sababu yake naijua. Katika mkutano wa mwezi wa Machi mzee wetu mmoja alisimama hapa akasema, nanyi nyote mkasikia, ya kwamba mtoto aliyesomeshwa kwa michango ya chama hiki alikataa kumsaidia. Mtoto huyo ni mimi. Basi nitaeleza kazi kwanza, kisha nitajibu.

Mimi ni karani msaidizi katika Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyowekwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, ya mwaka 1989. Si wakili wala si mwamuzi. Napokea barua, naipiga mhuri wa tarehe, nafungua jalada na kuandika nambari yake katika daftari. Wakili aliyelalamikiwa huandikiwa aeleze upande wake. Neno likiwa dogo, Tume hujaribu kuwapatanisha. Likiwa ni kosa la nidhamu, hupelekwa mbele ya Baraza la Nidhamu, lenye uwezo wa kumwonya mtu, kumtoza faini, kumzuia asifanye uwakili kwa muda usiozidi miaka 5, au kulifuta jina lake kabisa katika orodha ya mawakili. Lisilo na msingi hukataliwa, na mlalamikaji huambiwa hivyo. Na hao ndio watutukanao zaidi.

Ninyi wazee mwaijua habari ya ardhi hii kuliko mimi. Sheria ya mwaka 1968 ilileta mashamba ya vikundi. Baadaye yakagawanywa, kila mtu na hati yake, na tangu hapo Kitengela imekatwakatwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100. Penye kiwanja pana mkataba, na penye mkataba pana fedha mikononi mwa mtu. Kanuni zamtaka wakili aziweke fedha za wateja katika akaunti ya peke yake, mbali na fedha za afisi yake. Malalamiko niyaonayo mara nyingi ni ya fedha zilizoshikwa, na ya ukimya: barua haijibiwi, simu haipokewi.

Wako pia tunaowarudisha kwa huzuni. Aliyewaandikia mkataba hakuwa wakili, bali dalali mwenye mhuri na tai. Huyo hayumo katika orodha, hivyo hakuna jina la kufuta. Ni kazi ya polisi. Cheti cha wakili cha kufanyia kazi hutolewa kila mwaka, nacho humalizika tarehe 31 Desemba. Kuomba kukiona si utovu wa adabu. Nanyi mnaopewa stakabadhi, msizitie katika mfuko wa koti mkaja kwetu na vumbi la karatasi.

Sasa nijibu. Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa wakili mmoja mjini Kajiado. Siku moja alikuja mzee kutaka kuuza sehemu ya shamba lake. Mkewe alikuwa hospitali, naye akamwambia wakili, mlango umefungwa na mimi nikiandika, ya kwamba akibanwa atakubali hata nusu ya bei. Jumamosi ile nilikuwa hapa Kitengela nikinywa chai na marafiki, nikalisimulia jambo lile kama hadithi. Jina sikulitaja. Nilitaja alama zake tu, nikidhani ni busara. Leo hata alama sizitaji, maana ndizo zilizomponza. Yeye sasa ni marehemu. Nilimwendea mwanawe nikamkiri yote, naye akaniruhusu kuyasema haya kwenu.

Mnunuzi alipokuja afisini wiki iliyofuata, aliutaja ugonjwa wa yule mama kabla hajaketi, kisha akataja nusu ya bei. Mzee akamtazama wakili. Hakunitazama mimi. Akatia sahihi, akaondoka, wala yeye na jamaa zake hawakukanyaga tena afisi ile. Wakili hakuwa na kosa lolote. Nami nilinyamaza.

Wakati ule nilidhani siri ni mzigo wa wakili peke yake. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 134, humfunga wakili asitoe aliyoambiwa na mteja wake. Na kifungu cha 135 huwaongeza wakalimani, na makarani na watumishi wa mawakili. Maneno hayo ni machache sana. Nilikuwa nimeyapitia katika masomo ya jioni nikayaacha hapo hapo kitabuni.

Kwa hiyo mzee wetu aliponitaka nifungue jalada lake nimwambie wakili amejibu nini, nilikataa. Najua mlalamikaji ana haki ya kuambiwa shauri lake limefika wapi. Lakini huambiwa na afisa mwenye jalada, kwa barua au dirishani. Akiambiwa na karani kwa simu kwa kuwa ni jamaa yake, kesho wakili naye atatafuta karani aliye jamaa yake, na majalada ya wote yatasomwa sokoni. Chama kilinilipia karo, hilo silisahau, na deni hilo nalilipa kila mwaka kwa mchango wangu. Siwezi kulilipa kwa karatasi zisizo zangu.

Hata hivyo, mzee wangu, nawe umo humu ukumbini, nilikujibu vibaya. Ulikuwa umesimama juani kituoni, nami nikakupa maneno matatu kama askari wa lango na kukata simu. Kwa jinsi ile ya kujibu naomba radhi mbele ya wote. Kwa jibu lenyewe siwezi kuomba.

Kesho kutwa ni Jumatatu. Ukipenda, tupande gari la saa kumi na mbili asubuhi pamoja. Chukua kitambulisho chako na ile barua yenye nambari. Nitakufikisha kwenye dirisha la maulizo, kisha nitakwenda mezani kwangu, na wewe utauliza mwenyewe.