UNASIHI: KAZI YA PILI KWA MTU MZIMA

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Ikola, Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika



Shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilipositishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kila mwenye mtumbwi alizijua siku alizokaa nchi kavu. Usiku alioukesha akiwaza karo na madeni haukuandikwa popote. Mtu wa namna hiyo huambiwa, “Ni mawazo tu, yatapita.” Yapo yanayopita, mengine hugeuka sonona, ulevi, hata kujiua.

Anayeweza kumsaidia si lazima awe daktari bingwa. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na wanawake watu wazima 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii. Walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua inayowezekana. Utafiti uliowahusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa watu 14 katika kila 100 waliopata huduma hiyo, dhidi ya 50 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Baadaye mpango huo ulifika Zanzibar.

Wahenga walinena: utu uzima dawa. Mwalimu mstaafu, muuguzi wa zamani, mvuvi aliyeacha ziwa au mama aliyeuza dagaa miaka mingi, kila mmoja anayajua maisha ya jirani zake. Hata hivyo, anayeanza kazi hii hana budi kuacha mazoea fulani. Mwalimu amezoea kusahihisha, mzee wa baraza amezoea kuamua. Mnasihi husikiliza kwanza, wala hamchagulii mtu njia.

Jambo zito zaidi ni siri. Katika kijiji ambamo watu wote wanafahamiana, neno moja likivuja, hakuna atakayebisha hodi tena. Aidha, mnasihi hutambua mipaka yake: anayesikia sauti zisizokuwepo au anayekusudia kujidhuru hufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa, wala haachwi peke yake.

Mwenye nia aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii, apate maelekezo kuhusu mafunzo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha fani hiyo. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huwawezesha watu wazima kusoma huku wakiendelea na kazi zao.

Na aliyeelemewa leo asingoje mnasihi mpya apatikane. Afike kituo cha afya, aseme yanayomsibu.