TULISOME BANGO KABLA HALIJATUNDIKWA

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa tawi Jumamosi. Nayatuma kwa waliokuwa shambani, msibani au kazini Moshi mjini.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati, wazee wetu, vijana wetu,

Naanza na kosa langu. Vijana walipoomba fedha za kitambaa na rangi, nilikagua risiti ya Mbuyuni nikasaini hati ya malipo. Sikuuliza kitaandikwa nini. Bango moja likatoka likiwaita wauguzi wa zahanati yetu wezi. Tunachojua ni kwamba dawa hazipo. Nani kachukua nini, hatujui. Picha imeshasambaa, na mama aliyewapokea watoto wetu wengi wakizaliwa sasa anapita njiani bila kuinua uso.

Hatukuwa wa kwanza. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Walipinga utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Hiyo ni hoja ya hesabu, inajadilika. Lakini katika mabango yao lilikuwamo lililosema ukoloni ulikuwa afadhali. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miaka 5! Mwalimu Nyerere alikasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Leo wengi wanaosimulia siku ile hulitaja bango lile. Ile asilimia 40 haitajwi sana.

Mei 1968, huko Paris, wanafunzi wa chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts walikikalia chuo chao wakakigeuza karakana ya mabango. Walifanya kazi pamoja na wachoraji wenye majina, kama Gérard Fromanger. Michoro ililetwa mbele ya mkutano, ikaulizwa maswali mawili: Je, hoja ni sahihi? Je, bango linaifikisha? Uliopita ulichapwa kwa kusukuma wino kwenye kitambaa cha wavu, bila jina la mchoraji. Hadi polisi walipowatoa mwishoni mwa Juni, walikuwa wametoa mabango ya aina mamia. Sifa zilikuwa za wote, na lawama pia.

Ndugu zangu, mimi sikubali kutoa shilingi ya tawi kwa saini moja. Kwa nini neno la tawi litoke kwa mkono mmoja?

Kamati imeamua hivi. Bango lile limeondolewa. Mwenyekiti nami tumekwenda kuomba radhi kwa wauguzi, nao wametupokea. Dai la dawa liko palepale. Jumatano saa kumi jioni tukutane ofisi ya tawi. Vijana mje na michoro, na kila mwanachama aulize maswali yale mawili kabla rangi haijafunguliwa.

Vijana, msivunjike moyo. Mikono yenu ni mizuri. Tuliowaacha mfanye peke yenu ni sisi.



Katibu wa Tawi