Redio ya Biashara na Haki ya Mwananchi Kupata Taarifa

Matini ya mazungumzo kwa viongozi wa mitaa, wavuvi na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Shangani, Mtwara



Mada ya leo inahusu redio ya biashara: ilivyozaliwa nchini, inavyopanga vipindi vyake, na namna mwananchi wa Mtwara anavyoweza kuitumia kwa manufaa yake. Huenda mtu akauliza kwa nini Halmashauri ijishughulishe na jambo ambalo si kisima, si zahanati wala barabara. Jibu ni jepesi. Huduma isiyojulikana haitumiki. Chanjo ikifika zahanati bila mama mwenye mtoto kuarifiwa, hurudi bohari ikiwa kamili. Salfa ikifika ghalani bila mkulima kujua siku ya mgao, mikorosho huliwa na ubwiri. Taarifa, kwa hiyo, ni sehemu ya huduma yenyewe.

Historia kwa ufupi

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951, kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya Serikali. Kwa karibu miaka thelathini mvuvi wa Msimbati na mkulima wa Newala walisikiliza sauti ileile kwa saa ileile. Wazee waliopo wanavikumbuka vipindi vya Mama na Mwana, Pwagu na Pwaguzi, Ugua Pole na Mazungumzo Baada ya Habari. Wa upande huu wa Ruvuma wanakumbuka pia kwamba wapigania uhuru wa FRELIMO walipewa muda katika mitambo ya Dar es Salaam, wakazungumza na ndugu zao walioko ng'ambo ya mto.

Kutoka enzi hiyo liko somo moja lisilopitwa na wakati. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Kazi ilifanyika kwa sababu baada ya kipindi palikuwa na kikao, na baada ya kikao palikuwa na jembe.

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, iliyowaruhusu watu binafsi kumiliki vituo. Mwaka 1994 Radio One ya kampuni ya IPP ikawa hewani, miongoni mwa vituo vya kwanza vya binafsi Tanzania Bara. Kutoka Mwanza ikasikika Radio Free Africa, na mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini ikaja Clouds FM, iliyotokana na biashara ya disko na muziki. Vituo hivi vilibadili lugha ya redio. Mtangazaji aliyekuwa akisoma taarifa kwa sauti ya ofisini akaanza kuzungumza kama jirani barazani. Vijana waliokuwa wakirekodi muziki kwa Kiswahili na kukosa pa kuupeleka wakapata mlango, na muziki wa bongo fleva ukakua pamoja na vituo hivyo.

Usimamizi nao ulibadilika. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ikafuata mwaka 2010. Leseni sasa hutofautisha utangazaji wa umma, wa biashara na usio wa biashara, na hutaja eneo la kituo: taifa, mkoa, wilaya au jamii. Ndiyo maana leo mtu wa Mtwara anaweza kusikiliza vituo vyenye makao hapahapa, kama Safari Radio na Pride FM, pamoja na Jamii FM ya Naumbu, ambayo ni redio ya jamii.

Redio ya biashara inavyopanga siku

Mpangilio wa vipindi haupangwi kwa bahati. Kituo cha biashara hakipati ruzuku wala mchango wa waumini. Huishi kwa kuuza muda. Kinachouzwa hasa ni masikio ya wasikilizaji, na bei ya tangazo hupanda pale masikio yanapokuwa mengi. Alfajiri, watu wanapojiandaa kwenda kazini na sokoni, huwekwa habari, magazeti na mjadala. Katikati ya asubuhi huja mambo ya nyumbani, malezi na afya. Mchana ni muziki na salamu. Jioni, watu wakirejea, huja tena habari na michezo, na usiku taarabu na nyimbo za zamani. Ijumaa na Jumapili hutengewa mafundisho ya dini.

Katika mkoa wa korosho kuna jambo la ziada. Fedha ya mkulima huingia zaidi kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa. Ndipo wauza mabati, pikipiki na simu wanapohitaji kusikika. Msimu ukipita, mifuko hukauka, na matangazo hupungua pamoja nayo. Kituo kidogo hulazimika kulipa umeme, leseni na watangazaji kwa mwaka mzima kutokana na mavuno ya miezi michache, sawa na mkulima mwenyewe.

Hapo ndipo penye mvutano. Taarifa inayomfaa mwananchi zaidi mara nyingi ndiyo isiyo na mnunuzi. Hakuna kampuni inayodhamini tahadhari ya mawimbi, na hakuna duka linalolipia tangazo la siku ya chanjo. Mwenye kituo anapochagua kati ya dakika tano za tangazo na dakika tano za hali ya bahari, anachagua kati ya mshahara wa mfanyakazi wake na usalama wa mtu asiyemjua. Kumlaumu peke yake si haki. Kumwachia peke yake uamuzi huo nako si busara.

Mambo matatu yanayoonesha uzito wake

La kwanza ni korosho. Tangu mwaka 2007 zao hili linauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na bei hupatikana mnadani. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ya namna hiyo humlinda yule aliyeisikia kwa wakati. Asiyeisikia ndiye anayefuatwa shambani na mnunuzi wa kangomba, akapimiwa kwa bakuli, akauza kwa hofu ya njaa ya leo. Dakika mbili za kutangaza matokeo ya mnada zinaweza kumwokolea mkulima fedha ya ada ya mtoto.

La pili ni bahari. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kuua watu, wakati ambapo utangazaji nchini haukuwa hata na mwaka mmoja. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilisogea kuelekea pwani hii. Mamlaka zilitoa tahadhari, na wakazi wa maeneo ya mabondeni wakatakiwa kuhamia sehemu salama. Kimbunga kiliingia nchi kavu tarehe 25 Aprili, upande wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, na kuleta maafa makubwa huko. Wapo waliosema baadaye kwamba Mtwara ilisumbuliwa bure. Kauli hiyo ni ya hatari. Msumbiji ni mwendo mfupi kutoka Msimbati, na kimbunga hakisomi ramani ya mipaka. Tahadhari iliyotolewa bila maafa kutokea haikuwa uongo, na mvuvi wa Msanga Mkuu aliyevuta mashua yake nchi kavu siku ile hakupoteza kitu kisichorudi.

La tatu ni amani. Mkoa huu unakumbuka mwaka 2013, mjadala wa gesi ulipogeuka ghasia, watu wakapoteza maisha na mali zikateketea. Sababu zilikuwa nyingi, na redio haiwezi kubebeshwa zote, wala kusifiwa kwamba ingeyazuia yote. Lakini jambo moja lilidhihirika: pale ambapo swali la mwananchi halipati jibu kwa lugha iliyo wazi na mapema, uvumi hujibu badala yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kipindi ambacho kiongozi anakaa mbele ya kipaza sauti, akaulizwa maswali magumu kwa simu na kuyajibu, si burudani. Ni kikao cha hadhara kisichohitaji viti.

Yaliyo ndani ya uwezo wa wananchi na ofisi

Kwa upande wa ofisi za umma, taarifa iandaliwe ili isomeke hewani: fupi, yenye siku, saa na mahali, na ifike kituoni kabla ya tukio, si baada yake. Barua ya kurasa nne iliyofika jioni haina msaada kwa mtangazaji wa alfajiri. Kipindi kilicholipiwa na taasisi yoyote kitajwe wazi kuwa kimelipiwa, ili msikilizaji apime mwenyewe.

Kwa upande wa mitaa na vyama vya msingi, mfano wa mwaka 1973 bado unafaa. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka; kilima au umbali huyakata, na zipo nyumba ambazo sauti haifiki vizuri. Mjumbe aliyesikia tahadhari ya TMA aipeleke ufukweni. Katibu aliyesikia bei aibandike ghalani. Kilichosikiwa na mmoja kiwe cha wote.

Kwa upande wa msikilizaji, kituo hupima uzito wa kipindi kwa simu na ujumbe kinaopata. Kipindi cha mpira kikipigiwa simu hamsini na cha kilimo kisipigiwe hata moja, mwenye kituo ataelewa anachoelewa. Mwananchi akisikia jambo la uongo au la matusi, hatua ya kwanza ni kukiandikia kituo chenyewe, akitaja kipindi, siku na saa. Asiporidhika, anayo haki ya kulipeleka lalamiko lake TCRA.

Msimu wa minada na msimu wa mvua hufuatana, na redio zilizopo Mtwara zitahitajika katika yote mawili. Viongozi wa mitaa wanaombwa, kabla ya kutoka hapa, kuandika jina la mjumbe mmoja kwa kila mtaa atakayepokea taarifa za tahadhari na kuzifikisha kwa majirani wasio na redio.