Haki ya Kufanya Upuuzi: Uwakilishi wa Jamii katika Filamu ya Mzaha na Njozi



Nimetakiwa nizungumze juu ya uwakilishi wa jamii mbalimbali katika filamu za mzaha na njozi. Maana ya uwakilishi imo katika karatasi za mwaliko, wala sioni faida ya kuirudia.

Ninalotaka kulieleza ni jambo moja ambalo, kwa miaka mingi ya kusoma miswada, nimelipinga nisifue dafu: kwamba mtu wa jamii ndogo akifika mbele ya kamati ya kuchagua miswada ya filamu na kisa cha msiba wa watu wake hukaribishwa kwa taadhima, lakini akileta upuuzi mtupu, wenye maajabu na vichekesho, huambiwa kuwa hauna mafunzo, ilhali upuuzi uo huo ukiletwa na mwingine husifiwa kuwa ni ubunifu. Kamati yenyewe sitaitaja, kwa kuchunga heshima ya waliotualika.

Itazameni, kwa mfano, Everything Everywhere All at Once, filamu ya Marekani ya 2022, iliyoongozwa na Daniel Kwan na Daniel Scheinert. Evelyn, mama wa Kichina, mhamiaji, mwenye biashara ya kufulia nguo na mashaka ya kodi, anatakiwa ghafla kuokoa malimwengu yasiyo na idadi. Katika mmojawapo watu wana vidole mfano wa soseji, na katika mwingine yeye na binti yake ni mawe. Lakini angalieni mzaha unamwangukia nani. Zamani, katika Breakfast at Tiffany's ya 1961, Mickey Rooney alijibandika meno kumwigiza Mjapani ili achekwe kwa sura na lafudhi. Na katika The Good Earth ya 1937, Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, alimwigiza mke wa mkulima wa Kichina mwenye dhiki, akatunukiwa Oscar. Basi Mwasia wa Hollywood aghalabu alikuwa wa kuchekwa au wa kuliliwa, na hata hayo akafanyiwa na wengine. Lakini katika Everything Everywhere All at Once, Evelyn na mkaguzi wa kodi, Mzungu aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis, wanazama katika upuuzi sawasawa, wala sioni anayechekwa kwa asili yake.

Na vipaji vya Waasia havikukosekana. Ke Huy Quan, aliyejulikana utotoni kwa Indiana Jones ya 1984, alikaa miaka mingi nyuma ya kamera kwa kukosa nafasi, hata tarehe 12 Machi 2023 akapata Oscar kwa filamu hiyo ya 2022 pamoja na Michelle Yeoh wa Malaysia, aliyemwigiza Evelyn, mwanamke wa kwanza wa asili ya Asia kutwaa tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike. Ni insafu kuongeza kwamba waongozaji Kwan na Scheinert walimfikiria kwanza Jackie Chan kwa nafasi kuu, ndipo baadaye wakamfanya mwanamke kuwa mhimili wa kisa.

Kwa hiyo napendekeza, kwa unyenyekevu, kamati zisihesabu nyuso kabla ya kuuliza nani amebeba kisa. Atakayeandika kuwa mswada hauna mafunzo aeleze sababu na atie sahihi. Miswada ya mzaha isomwe na mtu wa jamii inayohusika, na mwingine apendaye kucheka, ijapokuwa wa pili ni adimu kumpata. Tena mwandishi wa jamii ndogo asidaiwe mafunzo asiyodaiwa mwenziwe. Hili nililisema katika semina zilizopita, likaandikwa katika kumbukumbu, nami nalirudia: asidaiwe. Na litengwe fungu la fedha kwa ajili ya njozi peke yake, lisihamishiwe filamu za uhamasishaji unapokaribia mwisho wa mwaka wa fedha.