Tochi mkononi, si kwenye bunduki

(Maneno tuliyoyasema mbele ya machifu wa mitaa, wazazi na vijana wa doria, Mabalako)



Katika mikutano yetu swali moja limerudi mara nyingi: usiku mtu akisikia hatua nje, je, ni vizuri awe na tochi iliyofungwa kwenye bunduki ili aone anachopiga? Hatuwacheki wanaouliza. Tangu Oktoba 2014 raia wengi wa Beni wameuawa, mara nyingi gizani. Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na Novemba mwaka huo majeshi ya Kongo na Uganda yalianza kuwapiga ADF kwa pamoja. Hata hivyo bado tunalala sikio moja likiwa wazi. Tena kuna wezi wanaofuata kakao iliyoanikwa.

Lakini tufikiri pamoja. Tochi iliyofungwa kwenye mtutu huangaza pale tu mtutu unapoelekea. Maana yake, ili ujue ni nani, sharti kwanza umwelekezee bunduki. Hata katika nchi ambako polisi hutumia taa hizo, hufundishwa kubeba tochi nyingine ya mkononi kwa ajili ya kutafuta na kutambua.

Baba mmoja alitusimulia yaliyompata. Alikuwa amefunga tochi kwenye bunduki ya kuwindia kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Usiku akasikia kitu karibu na kakao, akamulika. Mbele ya mtutu alisimama mtoto wa ndugu yake, ametoka chooni. Hakupiga. Lakini mpaka leo mtoto yule hataki kulala nyumbani kwake.

Nani hutembea usiku huku kwetu? Mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa kituo cha afya. Mgonjwa. Ndugu aliyekimbia kijiji chake na kubisha mlango wa kwanza anaouona. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa katika zone yetu ya afya tarehe 1 Agosti 2018, tulijifunza jinsi woga unavyomgeuza msaidizi kuwa adui. Mpaka ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, wahudumu kadhaa walikuwa wameuawa na watu, si na ugonjwa.

Kuna pia sheria: tangu 1985 raia haruhusiwi kuwa na silaha bila kibali. Na askari wa doria akiona mwanga unaotembea pamoja na bunduki, hatauliza kama wewe ni mwenye nyumba.

Basi, tuchague mwanga namna gani?

1. Tochi ya mkononi yenye mwanga mpana, ichajiwe kila siku. Itundikwe mahali pamoja ambapo kila mtu nyumbani anapajua, hata mtoto.

2. Anayeweza, aweke taa ndogo ya sola juu ya mlango, ikitazama nje. Anayekuja ataonekana, na wewe uliye ndani utabaki gizani.

3. Sauti itangulie. Uliza jina kabla ya kufungua. Kila nyumba kumi ikubaliane alama yake ya filimbi au ya kupiga sufuria, na wageni waliopokelewa wafundishwe alama hiyo siku ileile.

4. Mkisikia risasi au makelele ya mauaji, zimeni taa zote. Mwanga unaokuonyesha njia unamwonyesha adui mahali ulipo. Toeni watoto kwa njia mliyoichagua mchana, na aliye na simu ampigie chifu ili awaite askari.

Hatusemi kwamba tochi itawazuia wauaji. Haitawazuia, na bunduki moja ya kuwindia haitawazuia pia. Kinachookoa ni habari kufika mapema na majirani kuaminiana. Tochi kazi yake ni moja: kutuzuia tusimuue mtu wetu.

Hatukuja kuuliza nani ana bunduki chini ya kitanda. Tunaomba tu leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja azungumze na jirani yake kuhusu alama yao. Risasi ikishatoka hairudi, swali la "ni nani?" unaweza kuliuliza hata mara tatu.