Moshi wa Kuni na Kusinyaa kwa Njia za Hewa kwa Wagonjwa wa Muda Mrefu wa Mapafu



Wataalamu wenzangu, maana ya ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa mnaijua, na kipimo cha spirometa chenye uwiano chini ya 0.7 baada ya dawa ya kutanua mnakijua pia. Muda niliopewa nitautumia kwa antrakofibrosisi ya bronki, yaani kusinyaa kwa njia za hewa kunakoambatana na madoa meusi ya masizi.

Mwaka 1998 madaktari wa Korea Kusini walieleza kuhusu wagonjwa, wengi wao wanawake wa umri mkubwa, ambao njia zao za hewa zilikuwa zimesinyaa na utando wake wa ndani kuwa na madoa meusi. Hawakuwa watu wa migodini. Taarifa za baadaye kutoka Iran na India zilimkuta mgonjwa wa aina hiyohiyo: mwanamke aliyepika kwa kuni miaka mingi. Masizi hujikusanya ukutani mwa bronki na kwenye tezi za limfu zinazoizunguka, kovu linakaza, njia inabanwa, hasa kwenye sehemu ya kati ya pafu la kulia.

Sasa mtazameni mgonjwa huyu kwenye kliniki zetu. Mama anakohoa, anabanwa pumzi, picha ya kifua ina kivuli. Makohozi hayaonyeshi vimelea. Anaanzishiwa dawa za TB, anamaliza miezi 6, kikohozi kiko palepale, anaanzishiwa tena. Mwingine anaambiwa ana saratani, na familia inauza mifugo. Kwenye faili imeandikwa “havuti sigara”, basi. Aliyeuliza anapikia nini hayupo! Siwalaumu wenzetu wa zahanati, maana spirometa hawana na bronkoskopi iko kwenye hospitali chache kubwa. Lakini swali la kuni halihitaji mashine, na kila mwaka tunaambiana hivyo.

Niweke tahadhari. TB na antrakofibrosisi huandamana mara nyingi. Katika wale wa Korea, zaidi ya nusu walikuwa na TB hai. Kwa hiyo sisemi TB ipuuzwe. Nasema ithibitishwe.

Napendekeza historia ya jiko iingizwe kwenye fomu ya kila mgonjwa wa kifua: kuni, mkaa au samadi, ndani au nje, miaka mingapi. Makohozi yapimwe kwa GeneXpert kabla ya dozi ya pili kuanzishwa. Atakayefanyiwa bronkoskopi, maji ya kusafishia bronki yapelekwe kuoteshwa, na nyama ikatwe kwa uangalifu kwa sababu ya kutoka damu. Hospitali za mikoa zipewe spirometa pamoja na mtu wa kuitumia. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Wagonjwa wetu wa kifua wawe wa kwanza kufikiriwa, kwa kuwa dawa ya kuvuta haisaidii sana anayerudi kwenye moshi uleule jioni. Na fomu, narudia, ibadilishwe: mstari mmoja chini ya ule wa sigara unatosha, na kamati ya wizara inaweza kuuongeza kabla ya chapa ijayo.