Mashine Inayoshika Funguo za Sauti Zetu

Hapa Lukozi, katika milima ya Usambara, baridi imeanza kushuka na malori ya kabichi na viazi yanajiandaa kwa safari ya Dar es Salaam. Leo tunazungumzia mashine ile nzito yenye magurudumu mawili usoni, mashine ya kanda za rili. Ulaya na Marekani wapenzi wa muziki wanazisaka Revox na Studer za Uswisi na kuzilipia fedha nyingi. Wao wanatafuta raha ya sikio. Sisi, pamoja na raha hiyo, tuna deni.

Maana mzee wetu aliyekaa na redio yake ya National pembeni ya moto miaka ya 1970 alikuwa akisikiliza kanda bila kujua. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya karibu watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, vipindi vyake vilikuwa vimenaswa kwenye utepe kabla ya kurushwa. Waliofuata redio ya Sauti ya Injili walipokea sauti iliyotoka mbali zaidi: mtangazaji alirekodi kwa Kiswahili pale Moshi, kanda ikapelekwa Addis Ababa, na kutoka huko ikarushwa kwa masafa mafupi hadi milima hii ya Usambara. Matangazo hayo yalianza 1963, yakakoma 1977 pale serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitwaa stesheni.

Chimbuko la mashine hii ni Ujerumani. Fritz Pfleumer wa Dresden aliombea hataza utepe uliopakwa unga wa chuma mwaka 1928, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ikaonyesha Magnetophon mjini Berlin.

Sasa sogea karibu na mashine yenyewe. Utepe una upana wa milimita 6 na ushee. Unatoka gurudumu la kushoto, unapita mbele ya vichwa vitatu, cha kufuta, cha kunasa na cha kusomea, kisha unajikunja kulia. Kwa mwendo wa kawaida wa redio, sentimita 38 zinapita kila sekunde, hivyo wimbo wa dakika tatu unakula karibu mita 68. Mwimbaji akikohoa nusu sekunde, kikohozi hicho kina urefu wa sentimita 19, na fundi anaweza kukishika mkononi! Anauzungusha utepe polepole kwa mkono, anatega sikio, anatia alama, anakata mshazari kwa wembe, anaunga kwa utepe wa gundi, na mapigo ya ngoma yanaendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye utamu wa mashine hii. Utamu mwingine ni kwamba sauti ikizidi nguvu, utepe hauikwaruzi ghafla. Unaibana taratibu, ndiyo maana tarumbeta za zamani zinasikika zimenona.

Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri, na bendi iliyotaka santuri ilielekea Nairobi. Nyumbani, mlango wa kunaswa kwenye kanda ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu. NUTA Jazz waliupita, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wakaupita, na kutoka mkoani kwetu Tanga wakatokea Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Walipiga wote pamoja katika chumba kimoja, na mmoja akiteleza wimbo unaanza upya. Unachosikia leo ni watu waliokuwa wakitazamana machoni.

Kanda hizo zinazeeka. Katika baadhi yake, gundi inayoshikilia unga kwenye utepe hunyonya unyevu, ikaanza kunata na kuacha tope kwenye vichwa vya mashine. Na bila mashine nzima, na fundi anayejua kuisafisha, kanda iliyo salama kabisa nayo ni bubu. Kwa hiyo anayetunza Revox ya mwaka 1970 ikazunguka vizuri, mimi namhesabu mlinzi wa kumbukumbu.

Ukungu wa Lukozi hauzifai kanda hizi. Kama kwaya yenu, msikiti wenu au marehemu babu aliacha kanda ya rili, usiipige kwa pupa. Ikinukia siki, ikinata, au ikiota ukungu, itenge na nyingine na umwite fundi anayezijua. Iliyo nzima iwekwe wima ndani ya boksi kavu, mbali na spika, kwa kuwa sumaku yake huweza kuifuta. Kisha chukua penseli, nenda kwa mzee anayezijua sauti zile, uandike juu ya boksi nani anaimba, wapi, na mwaka gani. Fanya hivyo wiki hii, msikilizaji, mzee akiwa bado anakumbuka.